Manowari na boti ndogo: funzo la Ziwa Tanganyika (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliziacha boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zimefika Lukuga, yaani Kalemie ya leo, baada ya kusafirishwa kwa reli kutoka Cape Town na kukokotwa na matrekta ya mvuke na maksai katika milima ya Mitumba. Leo tunaingia majini. Wanamaji wa dunia nzima bado wanaumiza vichwa juu ya namna manowari itakavyojikinga na boti ndogo zinazoijia kwa pamoja, na sisi wa Kizuka na Rumonge tuna haki ya kulizungumza jambo hilo, kwa kuwa mfano wake mmoja ulio wazi kabisa ulitokea katika ziwa hili tunalochota maji.

Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mjerumani ndiye aliyekuwa bwana wa ziwa, kuanzia Usumbura hadi Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba, meli yake ndogo Kingani ilikuja kuchungulia Lukuga. Mimi na Toutou zilikuwa na urefu wa mita 12 tu, mbao za mahogani, injini za petroli, mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Ubao wa boti hizo haukuweza kustahimili mshindo wa mzinga ukipigwa kwa ubavu, hivyo ilibidi boti nzima imwelekee adui ndipo ipige. Udhaifu huo haukuzidhuru, kwani mzinga wa Kingani nao ulitazama mbele peke yake. Kamanda wa Waingereza, Geoffrey Spicer-Simson, aliiacha meli ipite, kisha akatokea nyuma yake. Nahodha Junge akawa hana njia: akikimbia hawezi kupiga, akigeuka apige, anafikiwa. Baada ya dakika 11 hivi alikuwa amekufa na meli yake imetekwa. Waingereza wakaipa jina Fifi na kuipandishia mzinga mkubwa zaidi.

Tarehe 9 Februari 1916 ilikuja Hedwig von Wissmann, ile ile iliyoishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji mnamo Agosti 1914. Hii ilikuwa na kasi kuishinda Fifi, na ingeweza kuponyoka. Lakini Mimi ilitangulia mbio, ikawa inaichokoza kutoka nyuma, inapiga na kukwepa. Kila Hedwig ilipopinda ili mizinga yake ya mbele imwone mchokozi, ilipoteza mwendo, na Fifi ikazidi kukaribia. Risasi za Fifi zilipoingia chumba cha injini, mambo yakaisha, meli ikazama. Hapa ndipo penye kiini cha shambulio la boti nyingi: si lazima kila moja iue. Moja ikiweza kumlazimisha mkubwa ageuke, imekwisha kumfungulia mlango mwenzake.

Siku iliyofuata ikapita Graf von Götzen, meli ya mita 71, ikimtafuta mwenzake. Spicer-Simson alikataa kutoka bandarini. Wengi wamemlaumu kwa uoga, nami naona alikuwa na hesabu yake. Götzen ilibeba mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia delta ya Rufiji. Mzinga ule ungeweza kuvunja boti ya mbao kabla boti haijafika mahali ambapo risasi yake ina maana. Kinga ya Götzen ilikuwa umbali.

Na hadi leo umbali ndio kinga. Boti ya kisasa ikienda noti 40, kila sekunde inakula mita 20 na kidogo. Ikionekana ikiwa kilomita nne, manowari ina dakika tatu na ushei. Zikija kumi kutoka pande tofauti, muda huo lazima ugawanywe. Ndiyo maana manowari hutuma helikopta mbele, ili boti zipigwe zikiwa mbali, halafu mzinga mkuu, halafu bombomu kwa zilizopenya. Tarehe 18 Aprili 1988, boti za Iran zilipotoka katika Ghuba, ni ndege za Marekani zilizozipiga.

Lakini yote hayo yanadai kwanza ujue nani ni adui. Tarehe 12 Oktoba 2000, huko Aden, boti moja ndogo iliikaribia USS Cole kama boti za kawaida za bandarini, ikalipuka, na mabaharia 17 wakafa. Sasa fikiria usiku wa giza hapa kwetu, ziwa limejaa taa za wavuvi wa ndagala kutoka Rumonge hadi upande wa Ubwari. Rada huona vitu vidogo vinavyoelea. Haioni nyavu wala haijui mvuvi ana watoto wangapi. Katika miaka ya vita nchini Burundi kulikuwa na vipindi ambapo uvuvi wa usiku ulizuiwa kwa ajili ya usalama, na njaa ikaingia majumbani mwa watu wasio na bunduki. Mtaalamu yeyote anayepanga ulinzi wa ziwa bila kumwita mvuvi mezani anapanga nusu ya kazi. Mvuvi ndiye anayeijua boti ngeni kabla ya rada yoyote.

Tukirudi kwa Götzen, yenyewe haikuzamishwa na boti. Juni 1916 ndege za Wabelgiji zilianza kuipiga Kigoma kwa mabomu, na jeshi lao la nchi kavu lilikuwa limekwisha kuitwaa Usumbura. Mwishoni mwa Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito. Namna ilivyoibuliwa na kuwa Liemba, tutaisoma wiki ijayo.

(Itaendelea)