Aliyepata Pointi Nyingi Akashindwa

Juma lililopita kijana mmoja alinikuta kituo cha basi akaniuliza: "Mzee, hivi kwenye tenisi mtu anawezaje kupata pointi nyingi kuliko mwenzake na bado akashindwa?" Basi lake likaja. Leo namjibu.

Kwanza tuondoe kinachowatisha wengi. Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40. Hayo ni majina tu. Hadithi za chanzo chake ni nyingi, tuziache. Pointi ya nne hukupa gemu, mradi umemzidi mwenzako kwa mbili. Mkifungana 40 kwa 40, hapatikani mshindi mpaka mmoja apate mbili mfululizo. Gemu 6, nazo kwa tofauti ya mbili, ni seti. Zikifika 6 kwa 6 huchezwa taibreki, anayetangulia kufikisha pointi 7 kwa tofauti hiyo hiyo ndiye mwenye seti. Katika mashindano makubwa manne, wanaume hutafuta seti 3, wanawake 2.

Sasa sikilizeni vizuri. Seti ikiisha, gemu zake hazihamishwi. Kumchapa mtu 6-1 na kumponyoka 7-6 ni seti moja tu. Ni kama viti vya ubunge: kura zilizokuzidi jimbo hili hazikusaidii jimbo la jirani.

Fainali ya Wimbledon ya Julai 14, 2019 ndiyo ushahidi wangu. Roger Federer, karibu miaka 38, alichukua seti mbili kwa 6-1 na 6-4. Novak Djokovic naye alichukua mbili, zote kwa taibreki. Seti ya tano Federer akaongoza 8-7, mpira anauanzisha yeye, 40-15. Yaani alihitaji pointi moja, na nafasi anazo mbili. Nilisimama nikawatangazia wenzangu barazani kwamba kombe limekwisha kwenda Uswisi.

Djokovic akazifuta zote mbili, akatwaa na gemu yenyewe. Wakaenda hadi 12-12, ambapo kanuni mpya ya Wimbledon ya mwaka ule ilitaka taibreki. (Tangu 2022, mashindano yote makubwa huicheza seti ya mwisho ikifika 6-6, nayo ni ya pointi 10.) Djokovic akaishinda 7-3, baada ya saa 4 na dakika 57.

Hesabu za mwisho? Federer pointi 218, Djokovic 204. Federer gemu 36, Djokovic 32. Seti: Djokovic 3, Federer 2. Kahawa ya baraza zima nililipa mimi.

Federer alistaafu mwaka 2022. Hakupata tena kombe la Wimbledon.