Smita Patil Hakuwa Pambo

Wapenzi wa filamu za Kihindi humu nchini, nao ni wengi kuliko wanavyokiri, wakitajiwa jina la Smita Patil aghalabu hukumbuka wimbo mmoja tu: ule wa mvua katika "Namak Halaal" ya mwaka 1982, akiwa na Amitabh Bachchan, sari imemlowa na kumganda mwilini. Kumbukumbu hiyo si ya uongo. Hata hivyo, kumkumbuka msanii yule kwa wimbo ule peke yake ni sawa na kumkumbuka mwalimu mkuu kwa kaptura aliyoivaa siku ya michezo.

Nionavyo mimi, kazi yake ya takriban miaka kumi na miwili ni somo kamili kuhusu namna mhusika wa kike anavyoweza kujengwa akawa mtu badala ya pambo, na walimu wa fasihi pamoja na wanafunzi wao wana haki ya kulijua somo hilo.

Alizaliwa mjini Pune tarehe 17 Oktoba 1955. Babake alikuwa mwanasiasa na mamake alijishughulisha na huduma za jamii. Kabla ya filamu alikuwa akisoma habari katika televisheni mjini Bombay, ambao sasa ni Mumbai, na inasimuliwa kwamba alikuwa na mazoea ya kujifunga sari ya haraka juu ya suruali yake ya jinzi punde tu kabla ya kuketi mbele ya kamera. Mwelekezi Shyam Benegal, aliyefariki mwaka 2024, alimwona katika kazi hiyo na kumwingiza katika filamu. Smita alikuwa maji ya kunde, katika tasnia iliyotukuza weupe wa ngozi, na hakujipaka kitu cha kuuficha wajihi wake.

Mwaka 1976 ilitoka "Manthan", filamu inayohusu wafugaji wa Gujarat wanaojaribu kuanzisha chama cha ushirika ili wajikomboe kutoka kwa mfanyabiashara anayenunua maziwa yao kwa bei ya kutupa. Gharama yake ililipwa na wafugaji wenyewe, watu 500,000, kila mmoja akitoa rupia 2. Ilipokamilika, walisafiri kwa malori kwenda kuitazama. Sijui kama kuna sanaa nyingine ya enzi hizo iliyopata wadhamini wa heshima kuliko hao!

Humo Smita ni Bindu, mwanamke wa tabaka lililodharauliwa, mkali wa maneno, asiyejua kusoma. Anaanza kumwamini daktari wa mifugo aliyetumwa kutoka mjini. Maadui wa ushirika wanapata alama ya kidole chake gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, na karatasi hiyo inageuka kuwa shtaka la ubakaji dhidi ya daktari yuleyule. Mwalimu anayetafuta njia ya kueleza madhara ya kutojua kusoma hahitaji mhadhara mrefu. Mtazamaji akimwona Bindu akitumiwa kama kalamu ya watu wengine, amekwisha kuelewa.

Lakini kazi iliyomkomaza ni "Bhumika" ya mwaka 1977, iliyompatia Tuzo ya Kitaifa ya mwigizaji bora wa kike. Alikuwa bado mwenye umri wa miaka ishirini na ushei tu. Filamu hiyo ilitokana na kumbukumbu za Hansa Wadkar, mwigizaji wa kizazi kilichotangulia, na neno lenyewe "bhumika" lina maana ya nafasi ya mchezaji katika mchezo. Usha anaingizwa katika filamu akiwa mtoto kwa sababu nyumbani hakuna chakula. Anaolewa na mwanamume ambaye ni mume na wakala kwa pamoja, anayeishi kwa jasho lake huku akimshuku usiku na mchana. Anamkimbia, anapita mikononi mwa wanaume wengine, kisha anapata hifadhi kwa tajiri mmoja wa mashamba. Pale anadhani amefika. Ana nyumba, ana heshima, ana mtoto wa kumlea. Siku anapotaka kutoka na mtoto huyo, anaelezwa kwamba mwanamke wa nyumba ile hatoki nje ya lango. Inambidi amwite mumewe yuleyule aliyemkimbia ili aje kumtoa.

Smita anaigiza msichana wa miaka kumi na kitu, nyota anayemeremeta kwenye jukwaa, mke aliyechoka na mwanamke anayebaki peke yake katika chumba cha hoteli. Hao wote ni mtu mmoja, na mtazamaji hapotezi uzi hata mara moja. Tunapowafundisha vijana tofauti kati ya mhusika bapa na mhusika duara, tunawapa fasili wazikariri. Heri waonyeshwe Usha.

Ustadi huohuo unajitokeza katika "Arth" ya mwaka 1982. Shabana Azmi ni mke aliyeachwa, naye Smita ni yule mwanamke wa pembeni. Katika tamasha zetu za maigizo za shule nimemwona mara nyingi huyo mwanamke wa pembeni: midomo myekundu, chingamu mdomoni, kicheko cha dharau. Smita anamfanya kuwa mtu mwenye hofu, anayeanza kuvurugika akili, asiyeweza kuifurahia nyumba aliyoivunja. Hatumpendi, lakini hatuwezi kumzomea.

Wapo waliomlaumu kwamba baadaye aliisaliti sanaa akaenda kucheza ngoma katika filamu za kibiashara. Mimi siungi mkono lawama hizo. Yeye mwenyewe alieleza katika mahojiano kwamba kwa takriban miaka mitano alizikataa filamu za namna hiyo, kisha akaona baadhi ya waelekezi wa filamu ndogo wakimweka kando ili watafute majina makubwa. Kama walitaka jina, naye akaenda kulitafuta. Wimbo ule wa mvua haukumfurahisha. Isitoshe, hata "Chakra" ya mwaka 1981, aliyoigiza kama mama wa mtaa wa mabanda na kupata Tuzo ya Kitaifa ya pili, ilitangazwa kwa picha yake akioga hadharani, jambo alilolilalamikia. Ndani ya filamu, kuoga kule ni umaskini wa mtu asiye na bafu. Kwenye bango ni biashara. Basi ni nani aliyesaliti sanaa hapo?

Mwaka 1985 alitunukiwa nishani ya Padma Shri. Tarehe 13 Desemba 1986, wiki mbili baada ya kujifungua mtoto wa kiume, alifariki kutokana na matatizo ya uzazi. Alikuwa na umri wa miaka 31. Mwanamke maarufu, katika jiji lenye hospitali kubwa, aliuawa na kitu kilekile kinachowaua akina Bindu vijijini.

"Mirch Masala" ya Ketan Mehta ilitoka mwaka uliofuata. Ni kisa cha zama za ukoloni. Mtoza kodi mwenye askari anamtaka Sonbai, mke wa mtu, naye anamzaba kofi na kukimbilia kiwanda cha kusaga pilipili, ambako bawabu mzee anafunga lango na kukataa kulifungua. Wazee wa kijiji wanaamua atolewe ili wengine wasalimike, na hata baadhi ya wanawake waliomo ndani wanamsihi akubali. Mwalimu wa shule, mfuasi wa Gandhi, ni miongoni mwa wanaume wachache wanaothubutu kusema kwamba kesho atadaiwa mke wa mwingine, naye anaadhibiwa kwa kauli hiyo. Mwishowe lango linavunjwa, bawabu anauawa, na wanawake walewale waliokuwa wakimsihi Sonbai wanamrushia mtoza kodi pilipili machoni kwa mafurushi.

"Manthan" ilikarabatiwa na kuonyeshwa tena mjini Cannes mwaka 2024. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mwanawe Smita, ambaye hakupata kumjua mamake. Mwaka uliofuata alibadili jina lake, na sasa anajiita Prateik Smita Patil.