Ukitaka Kumjua Kigong'ota, Hesabu Miti Mizee

Oktoba 2024 serikali ya Marekani ilimbadilishia daraja ndege mmoja mdogo wa misitu ya kusini mwa nchi hiyo. Ni kigong'ota mwenye kishada chekundu, ambaye wataalamu humwita Dryobates borealis. Tangu 1970 alikuwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sasa amehamishiwa kundi la viumbe wanaotishiwa. Katika sheria ya Marekani, kiumbe wa kundi la kwanza yuko ukingoni leo hii, na wa kundi la pili atafika ukingoni siku za usoni asipoangaliwa. Sababu iliyotolewa ni hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikadiriwa kubaki familia 1,470. Leo zinakadiriwa kufika 7,800 hivi, katika majimbo 11, kuanzia kusini mwa Virginia hadi mashariki mwa Texas. Ongezeko hilo ni la zaidi ya mara tano. Wako waliosema ndege amepona, aondolewe kabisa kwenye orodha. Wako pia waliosema serikali imefanya haraka. Hoja ya makala haya ni kwamba pande zote mbili zinagombania tarakimu isiyotosha. Ndege anayeishi ndani ya msitu unaovunwa hawezi kupimwa kwa idadi yake peke yake. Lazima kipimwe pia kile kinachoishikilia idadi hiyo: umri wa miti, ratiba ya moto, na kazi ya mikono ya watu. Nyumba njema si mlango.

Tuanze na ndege mwenyewe, maana maisha yake ndiyo yanayoeleza ugumu wa kumtathmini. Vigong'ota wengi hutoboa miti iliyokufa, ambayo imekwisha kulainika. Huyu, mwenye urefu wa sentimita 20 na ushei na uzito unaokaribia yai la kuku, hutoboa tundu lake ndani ya msonobari ulio hai. Kazi hiyo si rahisi. Msonobari hai una utomvu mzito unaonata, na tundu linalochimbwa kwenye tabaka la nje tu hufurika utomvu huo. Ndege anahitaji mti wenye kiini kipana na kikavu, na inakuwa heri zaidi kiini hicho kikiwa kimeozeshwa na kuvu. Mti kijana hauna kiini cha namna hiyo. Katika misonobari ya majani marefu, ambayo ndege huyu huipenda kuliko mingine, miti anayoitoboa kwa kawaida imepita miaka 80, na mingi imepita 100. Hata mti ukipatikana, tundu moja laweza kuchukua miaka kadhaa kukamilika. Likiisha, ndege hudonoa vijitundu kuuzunguka mlango ili utomvu utiririke shinani, mpaka mti uonekane kama mshumaa ulioyeyuka, na nyoka anayepanda kutafuta mayai hushindwa kupita. Mali iliyogharimu hivyo haiachwi ovyo. Hutumika miaka mingi na kurithiwa.

Ukoo mzima umejengwa juu ya mali hiyo. Katika kila familia huzaa jozi moja tu. Vijana, hasa wa kiume, hubaki nyumbani wakisaidia kuatamia na kulisha wadogo zao, huku wakingoja nafasi iachwe wazi hapo kwao au kwa jirani. Kwa hiyo kuhesabu vichwa kunaweza kudanganya. Mzazi wa kiume akifa, msaidizi huchukua nafasi yake, na familia inaendelea kana kwamba hakuna msiba. Wakizaliwa vijana wengi, familia zaweza zisiongezeke hata moja iwapo hakuna pa kuhamia. Ndiyo maana watafiti wa ndege huyu huhesabu familia zenye matundu yanayotumika. Kwamba tundu ndilo kikwazo kikubwa kulithibitishwa North Carolina na mtafiti Jeffrey Walters na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1992. Walitoboa matundu katika maeneo 20 ya msitu yasiyokuwa na ndege, na maeneo mengine ya kulinganisha wakayaacha yalivyo. Maeneo 18 kati ya yale 20 yalipata wakazi. Yaliyoachwa hayakupata hata mmoja. Chakula kilikuwapo na ndege wa kuhamia walikuwapo. Kilichokosekana ni nyumba.

Hapo ndipo kigong'ota anapogongana na hesabu za mvunaji. Msomaji anayezifahamu safu za misindano, yaani misonobari, ya Sao Hill kule Mufindi, Tanzania, anajua kwamba mti wa mbao huangushwa ukiwa na miongo miwili au mitatu hivi. Na miongoni mwa misindano iliyopandwa huko imo Pinus elliottii, ambayo asili yake ni huko huko kusini mashariki mwa Marekani. Mvunaji hana sababu ya kungoja karne nzima. Kwake mti wenye kiini kilichooza ni hasara, ilhali kwa kigong'ota ni kiwanja cha kujengea. Kwa hiyo msitu unaweza kuwa na mamilioni ya miti na kuonekana wa kijani kibichi kwenye picha ya setilaiti, usiwe na mti mmoja anaoweza kuishi ndege huyu. Misitu ya msonobari wa majani marefu, iliyokuwa ekari milioni 90 hivi kabla ya walowezi wa Kizungu, ilikatwa, ikalimwa na kupandwa miti ya kukua haraka, mpaka zikabaki ekari milioni 3 hivi. Hata palipobaki miti mizee, moto ulizimwa. Zamani radi na wenyeji waliiunguza nyasi ya misitu hiyo kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Moto ulipogeuzwa adui katika karne ya 20, mialoni na vichaka vilipanda hadi usawa wa matundu, na familia za ndege zikahama au zikafa. Anayetathmini msitu wa aina hii anapaswa kuuliza maswali mawili kabla hajainua darubini: mti mkongwe kuliko yote una umri gani, na nyasi iliungua lini mara ya mwisho?

Jambo lililoonyesha wazi udhaifu wa kutegemea idadi lilitokea Septemba 1989, kimbunga Hugo kilipopiga pwani ya South Carolina. Msitu wa taifa wa Francis Marion ulikuwa na karibu familia 500, moja ya hazina kubwa kabisa za ndege huyu. Mkaguzi ambaye angepita Agosti ya mwaka huo angeandika kwamba hali ni nzuri. Katika usiku mmoja takriban asilimia 63 ya ndege walikufa, na asilimia 87 hivi ya miti yenye matundu ikavunjika au kung'oka. Ndege waliosalia walibaki na chakula lakini bila pa kulala, na mti wa kutoboa upya ungehitaji miongo kadhaa. Walichookolewa nacho ni visanduku vya mbao vilivyopachikwa ndani ya mashina ya miti iliyobaki, mbinu iliyokuwa ngeni wakati huo. Idadi ikapanda tena. Lakini tangu hapo kila familia iliyohesabiwa ndani ya kisanduku ilisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba ndege yupo, na kwamba kuna mtu aliyemjengea.

Tukirudi kwa wale wanaosema ndege amepona, hoja yao si ya kupuuzwa. Ongezeko la mara tano ndani ya miongo minne na nusu ni mafanikio ambayo viumbe wengi hawajayapata, na sheria ya kulinda viumbe ikikataa kutambua mafanikio, watu watachoka kuitii. Hata hivyo, ongezeko hupimwa kutoka mahali fulani, na hapa limepimwa kutoka chini kabisa. Kabla ya ukataji mkubwa, familia zilikadiriwa kuwa kati ya milioni 1 na milioni 1.6. Ukizilinganisha na makadirio ya chini, familia 7,800 hazifiki hata asilimia 1. Jambo hili linagusa pia Orodha Nyekundu ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ambayo mojawapo ya vigezo vyake huangalia idadi ilivyopungua katika miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu zaidi. Kipimo hicho kinafaa kumkamata kiumbe anayeporomoka leo. Kwa kiumbe aliyekwisha kuporomoka zamani, kisha akainuliwa kidogo, chaweza kuonyesha nafuu mahali palipobaki mabaki tu. Kosa si la kipimo. Ni la anayekisoma peke yake.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: ikiwa ndege anaishi kwa visanduku, moto wa kupangwa na ndege wanaohamishwa kwa gari kutoka msitu mmoja hadi mwingine, basi huyo si wa porini tena, na fedha zinapotea. Mfano unaotajwa ni eneo la serikali la Savannah River, South Carolina, ambako mwaka 1985 walibaki ndege wanne tu, wakaongezwa kwa kuletewa wenzao na kutobolewa matundu. Jibu ni kutenganisha aina mbili za msaada. Moto wa kupangwa si hisani kwa ndege. Ni kazi ambayo msitu huo ulifanyiwa na radi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na utaendelea kuihitaji. Kisanduku ni kitu tofauti: ni daraja la kuvukia kutoka msitu mchanga kwenda msitu mzee. Miti ikiachwa izeeke, haja ya kisanduku itapungua yenyewe. Miti ikiendelea kuangushwa mapema, visanduku havitakwisha, na hapo mlalamikaji atakuwa na haki. Zaidi ya hayo, matundu ya ndege huyu hutumiwa baadaye na viumbe wengine wengi: vigong'ota wengine, kindi, bundi wadogo, nyuki. Fedha hiyo haimnunulii ndege mmoja peke yake.

Pingamizi la tatu ni la mwenye shamba, nalo lina ushahidi. Wachumi Dean Lueck na Jeffrey Michael walionyesha mwaka 2003, kwa takwimu za North Carolina, kwamba mashamba ya misonobari yaliyokuwa karibu na familia za kigong'ota yalivunwa mapema kuliko mengine. Wenye mashamba waliogopa: miti ikizeeka, ndege atahamia, na sheria itawafunga mikono. Ulinzi uliokusudiwa kumpa ndege nyumba ukawa unaikata kabla haijakomaa. Hata hivyo, woga huo haukuwa hoja ya kufuta sheria, bali ya kuitengeneza. Mwaka 1995, katika eneo la Sandhills la jimbo hilo hilo, yalianza makubaliano ya hiari: mwenye shamba aliyekubali kutunza miti na kuunguza nyasi alibaki na wajibu kwa familia zilizokuwapo siku ya kutia saini tu. Zilizoongezeka baadaye hazikumletea vikwazo vipya. Funzo kwa mtathmini ni kwamba hadhi ya ndege katika msitu unaovunwa hutegemea pia kama anayemiliki mti ana sababu ya kuuacha uzeeke.

Nikiyapima yote haya, uamuzi wa 2024 ulikuwa sahihi, ila si kwa sababu iliyosikika sana. Kumbakiza ndege kwenye daraja la juu kungekana kazi iliyofanyika na kufifisha tofauti kati yake na viumbe walio taabani kweli. Kumfuta kabisa kungeondoa shinikizo la kuunguza nyasi na kungoja miti, wakati miti yenyewe bado haijakua na vimbunga havijakoma. Kimbunga Michael cha Oktoba 2018 kilipita kwenye misonobari ya kaskazini magharibi mwa Florida, eneo lenye msitu wa Apalachicola, ambao ndio wenye kundi kubwa kuliko yote la ndege huyu. Daraja la kati linasema ukweli ulivyo: mgonjwa ametoka chumba cha mahututi, lakini dawa haijasimamishwa. Kasoro ni kwamba tangazo la namna hii husomwa kama matokeo ya mtihani, ilhali lingepaswa kusomwa kama ratiba ya kazi.

Basi msomaji akisikia tena, hapa kwetu au kwingineko, kwamba kiumbe fulani wa msituni ameongezeka, asifurahi wala asibishe kabla ya kuuliza maswali matatu. Wamehesabiwa vichwa au familia zinazozaa? Idadi inalinganishwa na mwaka upi? Na kazi ya watu ikisimama kwa miaka mitano, watabaki wangapi? Kwa kigong'ota huyu sehemu ya jibu inajulikana tayari. Msonobari uliopandwa Oktoba 2024, mwezi aliobadilishiwa daraja, utaanza kumfaa mwanzoni mwa karne ya 22, endapo hautakatwa.