Kuchaji Betri ya Gari Bila Kuumia

Huenda kijijini kwako kuna trekta, lori au gari dogo. Huenda wewe mwenyewe una betri ya gari nyumbani kwa ajili ya taa na redio. Betri ikiisha nguvu, lazima ichajiwe. Chaja ni chombo chenye manufaa. Lakini mtu asiyejua kuitumia anaweza kupoteza macho kwa dakika moja. Tuone hatari inatoka wapi, na jinsi ya kuiepuka.

Ndani ya betri mna nini?

Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita. Kila chumba kina volti 2 hivi. Ndiyo maana huitwa betri ya volti 12, yaani 6 × 2 = 12. Katika kila chumba mna mabamba ya risasi. Mabamba hayo yamezama katika maji yaliyochanganywa na tindikali. Tindikali hiyo hutoboa nguo na kuunguza ngozi. Ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Risasi nayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Betri inapochajiwa, hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Huwezi kuiona wala kunusa harufu yake. Lakini ikikutana na moto, au hata cheche ndogo tu, hulipuka. Betri hupasuka na tindikali huruka. Kwa hiyo, usichungulie maji ya betri kwa kibiriti au kibatari. Tumia tochi.

Kabla ya kuchaji

1. Chagua mahali penye hewa ya kutosha, kama vile barazani au chini ya kibanda kilicho wazi. Usichajie jikoni wala chumba cha kulala. Watoto wakae mbali. Mtu asivute sigara hapo.

2. Vua pete na saa ya chuma. Vaa miwani ya kukinga macho na glovu za mpira. Weka ndoo ya maji safi karibu.

3. Itazame betri. Kama imepasuka, imevimba au inavuja, usiichaji. Mwite fundi.

4. Hakikisha kwamba volti za chaja ni sawa na za betri. Chaja ya volti 24 haifai kwa betri ya volti 12.

5. Kama betri ina vizibo vya kufungua, angalia maji yake. Mabamba yakiwa wazi, ongeza maji yaliyotoneshwa mpaka yafunikwe tu. Jaza mpaka kwenye alama baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji. Usiongeze tindikali. Betri isiyo na vizibo usiilazimishe kufunguka.

Kuunganisha na kuondoa

Betri ina vichwa viwili. Kimoja kina alama ya kujumlisha (+), kingine kina alama ya kutoa (−). Ulizijua alama hizi katika darasa la hesabu. Hapa zinalinda macho yako.

Chaja ikiwa bado imezimwa, bana kibanio chekundu kwenye (+). Kisha bana kibanio cheusi kwenye (−). Hakikisha vimeshika vizuri. Ndipo uchomeke plagi na kuwasha swichi.

Ukimaliza, zima swichi kwanza na kuchomoa plagi. Kisha ondoa kibanio cheusi, na mwisho chekundu. Sababu ni hii: ukikivuta kibanio wakati umeme unapita, cheche hutokea. Nayo hutokea palepale penye hewa ya kulipuka.

Umeme kiasi gani?

Soma maandishi kwenye betri. Tuseme imeandikwa 60 Ah. Gawanya kwa 10, utapata 6. Basi ichaji kwa ampea 6 hivi, au pungufu. Kama ilikuwa imeisha kabisa, itachukua saa 10 hadi 12. Ukiongeza umeme ili imalize upesi, betri itapata moto, itatoa hewa nyingi zaidi na mabamba yataharibika. Ukiishika ukakuta ni ya moto sana, zima chaja na uiache ipoe. Haraka haraka haina baraka.

Tindikali ikikumwagikia

Ikiingia jichoni, usilisugue. Lifumbue na ulimwagie maji safi mengi kwa dakika 20. Kisha nenda zahanati mara moja, hata kama maumivu yamepungua. Ikikumwagikia mwilini, vua nguo iliyolowa na uoshe ngozi kwa maji mengi.

Ukimaliza kazi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Betri mbovu usiivunje nyumbani, wala usimwage maji yake shambani au karibu na kisima.

Ndugu msomaji, betri mpya utaipata dukani. Jicho jipya hutalipata. Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tunazima chaja kabla ya kuondoa vibanio?
2. Betri ya 80 Ah ichajiwe kwa ampea ngapi?
3. Katika kijijini kwenu betri huchajiwa wapi? Je, mahali hapo ni salama? Mtabadilisha nini?