Mgombea, Mwone Wakili Kabla ya Kuchukua Fomu

Wagombea wengi hapa Tanzania humkumbuka wakili matokeo yakishatangazwa na kesi ikishafunguliwa. Wakati huo hakuna tena ushauri, kuna utetezi tu. Fedha zimekwisha kutumika, risiti hazionekani, na mashahidi wa upande wa pili wanakumbuka kila kanga iliyogawiwa.

Mwaka 2000 Bunge liliingiza katika Sheria ya Uchaguzi vifungu vya takrima, yaani kile anachotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kimila. Ukarimu ungeishia wapi na rushwa ianzie wapi, hakuna aliyeweza kusema. Mashirika ya kiraia, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu hivyo vikatamkwa kuwa vinakiuka Katiba. Ndipo ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, iliyo chini ya usimamizi wa Msajili wa Vyama vya Siasa.

Sheria hiyo haisubiri kampeni zianze. Inagusa hata kura za maoni ndani ya chama, wakati ambao wengi bado wanaamini wako nyumbani. Tena gharama si fedha taslimu peke yake: gari la shemeji, spika za kuazima, mafuta aliyojaza mfanyabiashara rafiki, vyote vina thamani, na vinahesabiwa katika ukomo uliowekwa na waziri. Wengi huteleza hapo bila hila yoyote, kwa sababu tu hakuna aliyeandika.

Kenya wana sheria ya namna hiyo tangu 2013, lakini utekelezaji umekwama. Mwaka 2021 tume yao ya uchaguzi ilitangaza ukomo wa shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, Bunge likaubatilisha. Hata hivyo, kuhonga wapiga kura kumebaki kuwa kosa la jinai huko pia.

Wakili yupi, basi? Mwanasheria wa chama anakilinda chama. Ukigombana na chama chako kuhusu nani alitumia nini, usitarajie akusimamie wewe. Tafuta wako, na uhakikishe katika mfumo wa Mahakama wa e-Wakili kwamba ana ruhusa ya kufanya kazi. Asiyemudu gharama aanzie ofisi ya Msajili kuuliza kuhusu fomu na muda wa kuwasilisha taarifa.

Ukienda kwa wakili, nenda na taarifa za benki, orodha ya waliokuchangia kwa fedha au kwa vitu, na jina la mtu mmoja atakayetunza hesabu. Mwulize pia kuhusu marekebisho ya mwaka 2024 ya Sheria ya Gharama za Uchaguzi, maana nakala nyingi za sheria zinazozunguka mitaani ni za zamani.