Kinanda cha Santuri cha Zamani: Namna ya Kukikagua Kabla ya Kukinunua

Vinanda vya santuri vya kuzungushwa kwa mkono, ambavyo wazee walivizoea majumbani, vingali vikiuzwa katika minada na maduka ya vitu vya kale. Wanunuzi ni wa namna mbili. Yuko atakaye pambo la sebule, na yuko mwenye sahani za zamani asiye na chombo cha kuzipigia. Huyu wa pili hana budi kuangalia sana, maana kinanda kibovu hakimpotezei fedha tu, bali hukwangua sahani zisizopatikana tena. Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti zao katika sahani za His Master's Voice, sahani za siku zile zilikuwa za shelaki, kitu kigumu lakini chepesi kuvunjika, nacho hulika kwa sindano mbaya.

Hadhari ya kwanza ni juu ya vinanda vyenye tarumbeta. Huko India huundwa vinanda vipya vya namna hii, vikabandikwa kibati chenye picha ya mbwa asikilizaye, ile iliyochorwa na Francis Barraud na kununuliwa na Gramophone Company mwaka 1899. Ndani mara nyingi mna mtambo uliotolewa katika kinanda kingine kilichochakaa. Dalili zake ni sanduku la pembe sita au nane, tarumbeta ya shaba nyembamba imetametayo mno, mkono wa sauti uliounganishwa ovyo, na kibati kipya juu ya mbao zilizopakwa rangi zionekane kuukuu. Kununua pambo kwa bei ya pambo si kosa. Hasara ni kulilipia kama kitu cha kale.

Atakaye kusikiliza, heri atafute kinanda cha kubeba, kile kifananacho na sanduku dogo la safari. Namba 102 cha His Master's Voice, kilichotoka mwaka 1931, chasifiwa sana kwa sauti yake, na kwa kuwa vilitengenezwa vingi, vipuri vyake si adimu sana.

Mnunuzi asiombe wimbo kwanza. Na azungushe mpini. Ukizunguka bila kukaza, yamkini springi imekatika au imeachia ndoana yake. Mtambo ukipiga vishindo wakati wa kwenda, mafuta ya springi yamegandamana kwa uzee. Hayo fundi huweza kuyasafisha na kutia mengine, lakini mwenye kinanda asijaribu mwenyewe, kwa maana springi ikifyatuka katika kasha lake hukata mikono vibaya.

Kisha na apime mwendo. Kipande cha karatasi huchomekwa chini ya ukingo wa sahani, halafu mizunguko huhesabiwa kwa saa muda wa dakika moja. Yatakiwa 78. Upande mmoja wa sahani ya inchi kumi huchukua kama dakika tatu, na mtambo mzima haulegei kabla ya upande kwisha.

Kichwa cha sauti, pale sindano inapotiwa, hutazamwa peke yake. Mipira yake ikikauka sauti hukwaruza, na dawa yake ni rahisi: hutiwa mingine. Ubaya mkubwa ni katika vyuma vya zinki ya kusubu, ambavyo kwa miaka mingi huvimba na kupasuka vyenyewe. Kichwa au kikalio cha mkono kikiwa na nyufa hizo hakitengenezeki, ila kubadilishwa. Mkono wenyewe uende kushoto na kulia bila kukwama, la sivyo sindano itasukuma ukuta wa mfereji na kuula.

Sindano ya chuma hutumika upande mmoja tu, kisha hutupwa. Wauzaji wengine huonyesha kinanda kwa sindano iliyokwisha kutu, basi ni vyema mnunuzi achukue sindano zake mpya, pamoja na sahani asiyoijali. Sahani za plastiki za mizunguko 33 zisipigwe kabisa katika chombo hiki, kwani uzito wa kichwa huziharibu mara ya kwanza tu.