Gari Lako, Safari Si Yako

Katika nyumba zetu nyingi ufunguo wa gari hutundikwa msumarini karibu na mlango, au huwekwa kwenye kibakuli juu ya friji. Kila anayelala humo anajua ulipo. Tuseme usiku wa Jumamosi, wewe umeshalala, mpwa wako anauchukua. Anatoka Bamburi na rafiki zake, wanaelekea Mtwapa. Wakirudi alfajiri anamgonga msukuma mkokoteni kwenye barabara ya Malindi na kumvunja mguu. Baada ya miezi michache unaletewa hati za mahakama. Mdaiwa wa kwanza si mpwa wako. Ni wewe.

Katika kazi yangu ya uwakili swali hili huja kwa namna moja karibu kila mara: "Mimi nilikuwa kitandani, nitadaiwaje?" Kisheria nchini Kenya, huenda usilipe hata senti. Lakini haitoshi kusema ulikuwa kitandani. Itakubidi uonyeshe kwamba gari halikuwa kwenye safari yako, na hapo ndipo watu wengi wenye haki hushindwa.

Mdai huanza na jambo dogo tu: jina. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyeandikishwa kuwa mwenye gari atahesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo wakili wa yule msukuma mkokoteni anachukua namba ya gari, anapata rekodi ya usajili, na jina lako linaingia kwenye madai. Juu ya hilo kuna kanuni iliyowekwa katika hukumu ya mwaka 1969 iliyomo kwenye ripoti za kesi za Afrika Mashariki, na Mahakama ya Rufani ya Kenya ikairudia mwaka 2003: gari likisababisha madhara kwa uzembe, mahakama hudhani kwamba lilikuwa likiendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake. Ni dhana tu, na dhana hupanguliwa kwa ushahidi. Lakini anayepaswa kuupeleka ushahidi huo ni wewe, na ukikaa kimya dhana inageuka hukumu.

Ushahidi wa nini hasa? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kiini cha jambo lote. Watu hudhani suala ni ruhusa: nilimruhusu au sikumruhusu. Ruhusa ina uzito wake, lakini swali ambalo mahakama hulitafuta ni jingine. Safari ile ilikuwa ya nani?

Kesi mbili za Uingereza zinalieleza hili vizuri kuliko maelezo yoyote ninayoweza kutoa. Haziwafungi majaji wetu, lakini husomwa sana katika mahakama zetu. Ya kwanza ni ya mwaka 1953. Mtu alimwomba rafiki yake ampelekee gari kutoka karibu na Liverpool hadi Monte Carlo, ambako wangekutana na kuendelea pamoja na mapumziko. Rafiki alikuwa anakwenda kustarehe, hilo ni kweli, ila ndani ya gari kulikuwa na begi la mwenye gari, na gari lenyewe lilikuwa linapelekwa kwake. Njiani likagongana na basi. Mwenye gari alionekana anawajibika, kwa kuwa safari ile, walau kwa sehemu, ilikuwa kwa haja yake.

Ya pili ni Morgans dhidi ya Launchbury, iliyoamuliwa mwaka 1972 na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo. Gari aina ya Jaguar lilikuwa la mke, lakini mume ndiye aliyezoea kulitumia kwenda kazini. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba akilewa hataendesha, atamtafuta rafiki wa kuendesha. Usiku mmoja alilewa, akampa rafiki ufunguo, na rafiki akaligonga basi kwa mwendo wa kasi mno. Mume na yule rafiki walifariki. Abiria watatu wakajeruhiwa. Mahakama ya chini yake ilikuwa imeona mke alipe. Mahakama ya juu ikakataa. Gari lilikuwa lake, ruhusa ilikuwapo, hata ile ahadi ilikuwapo, lakini safari ya kuzunguka vilabuni haikuwa kazi aliyowatuma.

Rudi sasa kwa mpwa wako. Kama alichukua ufunguo kimyakimya kwenda kustarehe, uko upande wa mke yule. Lakini kama usiku huohuo ulikuwa umemwambia, "Ukipita Mtwapa nichukulie ule mzigo wangu," basi kuna begi lako ndani ya gari, na mambo yanabadilika. Nimeona ujumbe mfupi wa simu wa aina hiyo, mstari mmoja tu, ukipindua kesi nzima.

Hali ni ngumu zaidi kwa mwenye matatu. Dereva uliyemwajiri anachoka mchana, anampa mwenzake wa skwodi, yaani dereva wa kushikilia kwa muda, amalizie mizunguko, na wewe jioni unapokea hesabu kama kawaida. Kujitetea kwamba yule wa skwodi humjui hakuna nguvu sana. Gari lilikuwa likifanya kazi yako na fedha zilikuwa zinakuja kwako. Ni tofauti na dereva wa ofisi anayelichukua gari Jumapili kwenda kwenye harusi kwao bila kumwambia mtu, na fundi wa gereji anayelipeleka gari ulilomwachia kutembeza rafiki zake naye yuko mbali zaidi na shughuli zako.

Kuna wanaouliza kama kuacha ufunguo ndani ya gari ni uzembe unaotosha kukubana hata kwa kosa la mwizi. Uingereza jambo hili lilifika mahakamani mwaka 1993: basi dogo liliachwa kando ya barabara bila kufungwa, ufunguo ukiwa ndani, likaibwa usiku na kumuua mwanamke aliyekuwa kwenye baiskeli. Kampuni haikuwajibishwa, kwa kuwa aliyeua ni mwizi kwa kitendo chake mwenyewe. Hata hivyo sikushauri ulegee. Ukimpa ufunguo mtu unayejua hana leseni, hilo ni kosa lako mwenyewe chini ya Sheria ya Trafiki, na hapo huwezi tena kujificha nyuma ya kosa la mwingine.

Kwa hiyo saa za mwanzo zina uzito kuliko miaka ya kesi itakayofuata. Ripoti polisi mara tu unapogundua gari halipo, hata kama unamshuku mtu wa nyumbani. Chukua namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Ajali ikiwa imeshatokea, dereva anatakiwa aripoti ndani ya saa 24, na wewe ukiulizwa na polisi ni nani aliyekuwa akiendesha, una wajibu wa kueleza. Iarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Hati za mahakama zikifika usizifungie kabatini: wasilisha utetezi, na uombe mpwa aingizwe kwenye kesi, jambo ambalo Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka 2010 zinaliruhusu.

Najua kinachowazuia watu. Shangazi anapiga simu akilia, wazee wanasema mambo ya nyumbani yasipelekwe kwa askari. Huruma hiyo naielewa. Lakini mwenye gari aliyenyamaza akaja kusema baada ya mwaka kwamba gari lilichukuliwa bila idhini yake, hakimu atamuuliza kwa nini hakuna karatasi hata moja ya siku ile inayosema hivyo. Na kuripoti hakumaanishi kijana atahesabiwa mwizi wa gari, kosa lenye kifungo cha hadi miaka saba. Wizi unahitaji nia ya kumnyang'anya mwenyewe moja kwa moja. Kuchukua gari kwa muda bila haki ni kosa jingine, lililo katika kifungu cha 294 cha Kanuni ya Adhabu.

Bima nayo ina mtego wake. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, yaani sheria ya bima ya magari, inalazimisha kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu, na inaibana kampuni ilipe hukumu hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Lakini bima humkinga mwenye gari na yule anayeendesha kwa idhini yake. Aliyechukua bila idhini yuko nje ya mkataba.

Sasa tazama jambo linalompata msukuma mkokoteni. Wewe umethibitisha kwamba safari haikuwa yako, umeachiliwa, na ni haki yako. Kampuni ya bima imeonyesha kwamba dereva hakuwa na idhini, nayo imejitoa. Msukuma mkokoteni amebaki na hukumu dhidi ya kijana asiye na kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima upo, ila umewekwa kwa ajili ya kampuni za bima zinazofilisika, si kwa aliyegongwa na gari lililochukuliwa kwa siri. Uingereza waliziba pengo hili mwaka 1946 kwa kuunda chombo kinachowalipa majeruhi wa madereva wasio na bima, kikichangiwa na kampuni za bima zenyewe. Bunge letu linaweza kufanya vivyo hivyo, kwa mchango mdogo kutoka kila stika ya bima inayobandikwa kwenye kioo cha gari.